Kikombe cha Bati na Mizani ya Sonara

Kikombe chenyewe ni cha bati, buluu, mdomo umebanduka rangi pande mbili, na kinachukua maji nusu lita na ushee. Nilikinunua soko la Gikomba, Nairobi. Ukikiona pichani peke yake, bila mkono wala kijiko pembeni, utadhani ni kikombe cha chai cha kawaida tu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nawatia watoto wa mbwa ndani ya kikombe kile, wa wiki tano, miguu ya mbele inaning'inia nje, masikio hayajasimama bado, nawapiga picha dirishani asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikishaituma picha moja, jioni simu haitulii. "Bado yupo?" "Atabaki hivyo hivyo?" "Kaka, bei ya mwisho?"

Kwa wale wa "atabaki hivyo hivyo" nilikuwa na jibu langu: "Huyu ni mbwa wa kikombe." Sikusema ndiyo, sikusema la. Mteja anajimalizia mwenyewe. Hakuna chama kikuu cha mbwa, si cha Uingereza si cha Marekani, kinachotambua aina ya mbwa inayoitwa hivyo. Ni jina la sokoni, kama muuza maembe anavyoapa kwamba kila embe mezani kwake ni dodo. Mwanzoni sikulijua hilo. Nilipolijua sikuacha palepale.

Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu mbwa alikuwa na kazi: analala nje, anakula ukoko wa ugali na mifupa, anafukuza nyani shambani na kubweka usiku. Akizeeka hakuna anayemwuliza habari. Nilipokuja Nairobi mwaka 2011 kufanya kazi ya bustani na nyumba kwa mama mmoja mjane, Lang'ata, siku ya kwanza nilifungua geti kikanijia kitu nikadhani ni panya buku. Kikasimama hatua mbili mbele yangu kinabweka mpaka mwili mzima unaruka, kisha kikanikamata suruali pale kwenye kifundo cha mguu. Nilicheka. Askari wa getini akaniambia, "Cheka leo. Hiki ndicho kinachomwamsha yule mkubwa." Yule mkubwa, Rottweiler mzee mwenye kichwa kama sufuria, alikuwa amelala kivulini hana habari.

Kile kijibwa kilikuwa Chihuahua jike, hajafikisha mwaka, jina lake Karafuu. Dume lake aliitwa Ndimu. Yule mama, tuliyekuwa tukimwita Madam, alipenda kufundisha, na jioni nikimpelekea chai barazani ananisimulia: Chihuahua ni jina la jimbo kaskazini mwa Mexico, chama cha mbwa cha Marekani kiliitambua aina hiyo mwaka 1908, na kwa kipimo chao mbwa huyo asizidi pauni 6, ambazo ni kama kilo 2.7. "Asizidi," alikuwa akinikazia, "hawakusema apunguzwe." Nilidhani anachezea maneno tu, kama wazee walivyo.

Mwisho wa mwaka 2013 watoto wake walimchukua kwenda kuishi nao ng'ambo. Rottweiler alikuwa amekwisha kufa. Karafuu na Ndimu akaniachia mimi, pamoja na mshahara wa miezi mitatu na boksi la vyombo. Nikahamia Ongata Rongai, vyumba viwili vya mabati kwenye ploti ya watu sita, mimi na mbwa wangu wawili ambao wote pamoja hawakufika uzito wa mtungi mdogo wa gesi. Nilimpigia mama yangu simu kumweleza. Kimya. Kisha: "Mwanangu, umekosa kuku?"

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Karafuu alizaa Julai 2014, na mtu anayeijua Rongai ya Julai anajua kile kibaridi kinachoingia chini ya mlango. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba joto la mwili wa mbwa jike likishuka chini ya 37.2 basi ndani ya siku moja atazaa, nikawa nampima kwa kipimajoto asubuhi na jioni. Ikawa hivyo hivyo. Karafuu alikuwa na kilo 2.6, ana nyonga, ana nguvu, hakuhitaji msaada wangu. Kufika saa sita usiku kulikuwa na watoto watatu. Niliwapima kwenye mizani aliyoniazima rafiki yangu fundi wa sonara, mizani ya kupimia pete, maana ya jikoni haikuwa ikiwaona vizuri. Wa kwanza gramu 118. Wa pili 110. Wa tatu 62.

Gramu 62 ni yai la kuku, tena si yai kubwa. Nilimshika kiganjani, na nikiwa nimetulia niliona moyo wake unavyorusha ngozi ya kifua. Wenzake walimsukuma kwenye chuchu, naye anabaki pembeni mdomo wazi, anatafuta. Kwa siku kumi nilimlisha kwa sirinji isiyo na sindano kila baada ya saa mbili, tone kwa tone, kwa sababu ukimkimbiza maziwa yanaingia mapafuni. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi kujipasha joto. Anataka nyuzi 30 hivi pale alipolala, nami nilikuwa nimemfungia taa ya vifaranga juu ya boksi. Usiku wa nne stima ikapotea. Nikachemsha maji kwenye jiko la gesi, nikajaza chupa za soda, nikazivisha soksi, nikazipanga kumzunguka mama na wale wawili. Huyu wa tatu nikamtia ndani ya shati, kifuani, nikavaa jaketi juu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki nimeegemea ukuta. Nikihisi hasogei nampapasa kwa kidole. Anasogea. Stima ilirudi saa kumi na moja alfajiri, na mimi sikuwa nimefumba jicho.

Nilimwita Hiliki.

Hiliki aliishi. Akafika mwaka ana kilo 1.3, na sijawahi kuona kitu kinachowavuta watu namna ile. Nikipita naye stendi, makondakta wanaacha kuita abiria. Wanawake wa mtumba wanampokezana. Wanaume wenye vitambi, watu ambao ungedhani mbwa kwao ni Jerimani shepa ama hakuna, wanamwinua usoni wanamsemesha kwa sauti nyembamba ya kubembeleza mtoto. Kuna mtu alinipa shilingi 70,000 papo hapo, wakati ndugu zake wawili niliwauza 25,000 kila mmoja nikaona nimepata. Nilikataa. Ningependa kusema nilikataa kwa mapenzi, lakini nilikataa kwa hesabu: kama mmoja ni 70,000, basi nisimuuze mti, niuze matunda.

Mama yangu alikuja mwaka 2015 kwa matibabu ya macho, akakaa kwangu wiki tatu. Siku ya kwanza alitaka mbwa walale nje. Siku ya pili akasema walale jikoni. Siku ya tano nilirudi kutoka dukani nikamkuta anapepeta mchele uani, Hiliki yuko mgongoni kwake, amefungwa kwa kanga, kichwa kimetokeza begani, amelala. Mama hakuona haya hata kidogo. "Analia kama mtoto," akasema, "sasa ningefanyaje?"

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lina maelezo yake. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliandika mwaka 1943 kuhusu sura inayomwamsha binadamu moyo wa ulezi: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji la uso lililotokeza, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi. Ni sura ya mtoto mchanga. Chihuahua anazaliwa nayo na anazeeka nayo. Ukimtazama, mwili wako unajibu kabla hujaamua chochote, na mama yangu, aliyezaa saba na kulea wajukuu kumi na mmoja, hakuwa na kinga yoyote. Mimi nilikuwa nauza sura hiyo kwa gramu. Gramu zikipungua, shilingi zinaongezeka.

Basi nikanunua majike wengine wawili, nikanunua na kile kikombe.

Sitaki kujifanya nilikuwa mwizi wa hali ya juu. Wengine niliokutana nao kwenye biashara hii walinizidi mbali. Mmoja alinieleza jinsi ya kumpunguzia mtoto chakula ili mnunuzi amkute mdogo. Hilo sikulifanya, ila nilimsikiliza mpaka mwisho na chai nikamlipia. Wengine wanauza wa wiki tano wakiapa ni wa wiki tisa. Jirani yangu aliuziwa Pomeranian mweupe, kidonge cha pamba; miezi sita baadaye kidonge kina kilo 7 na kinaruka ukuta. Alikuwa Japanese Spitz, mbwa mzuri kabisa, ila si yule aliyelipiwa. Nilipomcheka akaniuliza, "Kwani Pomeranian mwenyewe alikuwa mdogo tangu lini?" Nikaenda kusoma, nikakuta amenishinda. Babu zao wa pwani ya Baltiki walikuwa mbwa wa kilo 10 na zaidi. Ni Malkia Victoria wa Uingereza aliyerudi na Pomeranian kutoka Florence mwaka 1888, akawapenda wadogo, na watu wakafuata mapenzi ya malkia. Huyo mbwa wake maarufu, Marco, alikuwa na pauni 12 hivi. Leo kipimo cha Marekani ni pauni 3 mpaka 7. Marco angefika kwangu leo, wateja wangemwambia amenenepa.

Nina daftari la miaka ile. Safu ya kwanza tarehe, ya pili uzito, ya tatu bei. Kuna mistari 19 yenye bei. Kuna mingine minane ambayo safu ya tatu ni tupu. Wanne kati ya hao walikufa kwa siafu, usiku mmoja. Nilikuwa nimesahau kumwaga majivu kuzunguka miguu ya meza, nikaamshwa na mama yao anavyolia, nikawasha taa nikakuta sakafu inatembea. Hao siwezi kuulaumu udogo wao, siafu hummaliza hata kuku. Wale wanne wengine ndio ninaowafikiria.

Mmoja alififia tu. Mwingine alikuwa na utosi ambao haukufunga. Ukipitisha kidole juu ya kichwa kinazama, laini kama tunda lililoiva. Chihuahua wengi huzaliwa na utosi wazi, na wengi unafunga, au unabaki tundu dogo na mbwa anaishi nalo miaka yake yote. Wa huyu uliendelea kupanuka, macho yakaanza kutazama nje kila moja upande wake, akawa anazunguka duara moja tu, upande wa kushoto, mpaka anaanguka. Maji kwenye ubongo. Siku tatu kabla hajaanza kuzunguka nilikuwa nimemtia kwenye kikombe na picha ikapendwa kuliko zote. Kichwa kile kikubwa, macho yale makubwa. Nilikuwa nimepiga picha ya ugonjwa.

Na nje ya hao wanane kuna yule aliyekwenda Kileleshwa. Nilimuuza wa wiki saba, gramu 480, kwa msichana aliyepewa kama zawadi ya kumaliza shule. Walimpeleka kwenye sherehe, akapitishwa mkono hadi mkono kuanzia mchana, hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kile tumbo lake ni kama kijiko na akikosa chakula saa chache tu sukari inashuka. Saa tatu usiku nikapigiwa simu, mtu analia, "Amelegea, ulimi mweupe, hafumbui macho." Nikamwambia apake asali kwenye ufizi, asimwagie mdomoni, apake kwa kidole, amfunge kwenye kitu cha joto, kisha akimbie kwa daktari. Niliwasikia wakigombana jikoni asali iko wapi. Yule aliishi. Babake akanipigia kesho yake, hakunitukana hata, aliniuliza swali moja: "Uliniuzia mbwa au uliniuzia mgonjwa?" Nikamjibu mambo mengi. Hakuna hata moja nililoliamini.

Hiliki alipofika miaka miwili na nusu nikaona wakati wa matunda umefika. Nilimpandisha na Ndimu.

Ndimu alikuwa babake. Naliandika hili polepole kwa sababu siku ile sikulifikiria polepole. Niliwaza: nataka wadogo, wadogo wako ndani ya damu hii, basi niirudishe damu juu yake yenyewe. Kwa wanadamu tuna neno la jambo hilo, maharimu, na neno lenyewe tu linamfanya mtu ateme mate. Kwenye mbwa nilikuwa nimelisikia likisemwa kwa majina ya kistaarabu.

Aprili 2017. Tumbo lake lilikuwa na mtoto mmoja, nami nikafurahi kwa ujinga kwamba mmoja ni kazi rahisi. Mtoto akiwa peke yake tumboni hana wa kugawana naye, anakua. Na Chihuahua ana kichwa cha mviringo kama tufaha, kinapita kwenye nyonga ambazo za Hiliki zilikuwa upana wa vidole vyangu viwili. Alianza kusukuma saa nne usiku. Saa sita kulikuwa hakuna kitu. Alikuwa ananitazama, anasukuma, anageuka kutazama mkia wake kana kwamba kuna mtu nyuma anayemuumiza, halafu ananitazama tena. Saa saba nikampigia daktari wa mifugo aliyekuwa akiwachanja mbwa wangu, mama mmoja mkali mwenye kliniki upande wa Karen. Akasema, "Leta sasa hivi." Teksi ilinitoza 2,500 na mvua ilikuwa inapiga Barabara ya Magadi huoni mbele.

Alimpasua saa nane na nusu. Mtoto alitoka amekufa, gramu 104, kichwa kimejaa maji. Hiliki mwenyewe, daktari alisema, kumlaza kwa dawa mbwa wa kilo 1.3 ni kama kumwaga mafuta ya taa kwenye kibatari gizani: ukizidisha kidogo umemwaga. Mpaka saa kumi na moja alikuwa bado hajaamka. Nilikaa kwenye benchi nimeshika blanketi lake. Alipoamka alitapika kidogo, akatetemeka, akaanza kumtafuta mtoto.

Bili ilikuwa 38,000, pamoja na kumwondoa kizazi, jambo nililoliomba mwenyewe. Daktari akatengeneza chai ya rangi, akanipa kikombe, akaketi. Nilitarajia kutukanwa. Akaniuliza, "Huyu alizaliwa na gramu ngapi?"

"Sitini na mbili, daktari."

"Na ndugu zake?"

"Mia na kumi, mia na kumi na nane."

"Basi huyu hakuwa mdogo. Huyu alikuwa dhaifu."

Alinieleza kwa dakika ishirini, na nimekuwa nikiyarudia maneno yake kwa wateja tangu hapo. Udogo wa mbwa wadogo ni jambo la ukoo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba sehemu kubwa ya udogo huo inatokana na jeni moja, inayoitwa IGF1, inayohusika na homoni ya ukuaji. Mbwa wadogo wana namna moja ya jeni hiyo, wakubwa wana nyingine. Miaka mitano baada ya usiku ule, mwaka 2022, wengine wakagundua kwamba mabadiliko hayo si kazi ya binadamu hata kidogo: yalikuwepo kwenye mbwamwitu zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kabla mtu hajafuga mbwa. Yaani Chihuahua wa kilo 2 na nusu aliyezaliwa na mama mwenye afya si kasoro. Mwili wake umepangwa kuwa hivyo, na mbwa kama huyo mara nyingi anaishi miaka mingi kuliko mbwa wakubwa. "Lakini wewe," daktari akasema, "humchukui mdogo wa ukoo. Unamchukua yule aliyeshindwa kukua, unamzalisha, halafu kwenye watoto wake unamchagua tena aliyeshindwa zaidi. Mteja hawezi kuwatofautisha kwenye picha. Wewe unaweza. Wewe una mizani."

Nililipa kwa awamu nne.

Tangu hapo sijapandisha jike wa chini ya kilo 2, wala jike kwenye joto lake la kwanza, wala ndugu kwa ndugu. Dume asiye wa damu yangu nilimpata kwa mfugaji mmoja niliyekutana naye kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club, mzee ambaye kabla ya kukubali alinihoji kuliko baba mkwe. Mtoto hatoki kwangu kabla ya wiki kumi, chanjo za mwanzo zikiwa mwilini. Simfungi mbwa kamba ya shingoni: bomba lao la hewa ni laini, linabonyea, wanakohoa kama bata bukini, nawapa mkanda wa kifuani. Na kabla mteja hajamwona mtoto, anawaona wazazi. Ninawaweka juu ya mizani mbele yake, sasa ni mizani ya kawaida ya duka. Namwonyesha magoti pia. Kwa mbwa wadogo, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, huwatoka mahali pake, unamwona anatembea kisha anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua tatu kwa mitatu iliyobaki, anaushusha tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kiswahili kina neno jingine la pia ya goti: kilegesambwa. Kila nikilitaja mbele ya mteja anacheka, nami namwachia acheke, halafu nampa mguu aushike mwenyewe.

Biashara imeshuka, sina haja ya kuficha. Ningekuwa na jike mmoja tu wa namna ya Hiliki anayezaa, ningekuwa nimeezeka nyumba Voi zamani. Tangu 2023 imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu wateja wananitumia picha ya Pearl, yule Chihuahua wa Florida aliyeandikwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai: urefu sentimita 9.14, uzito gramu 553. Mfupi kuliko kijiko cha chai kilichosimamishwa. Wanauliza, "Unaweza kunipatia kama huyu?" Pearl anatoka kwenye ukoo wa Milly, aliyekuwa na rekodi kabla yake kwa sentimita 9.65. Siwajui wale mbwa, sina la kuwasema. Ninachojua ni kwamba kila rekodi kama hiyo ikitangazwa, kuna mtu mahali fulani anafungua daftari lake na kutazama ni yupi wa mwisho kwenye safu ya uzito.

Karafuu alikufa 2024, uzee tu, kwenye boksi lake. Hiliki bado yuko. Meno amebaki nayo machache; ya utotoni mengine hayakutoka yenyewe, yalijazana na ya ukubwani mpaka yakang'olewa. Goti la kushoto linamtoka. Analala kwenye mfuko wa jaketi langu la zamani, lile lile, na nikitoka naye uani lazima nitazame juu kwanza. Kuna mwewe anayekaa kwenye mvule wa jirani, na mara moja alishuka mpaka nikahisi upepo wa mabawa. Mama akipiga simu kutoka Voi humuulizia yeye kabla yangu.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuja kwa bodaboda, ametumwa na mchumba wake. Alikuwa na pesa kwenye simu tayari. Nikamtolea dume langu, mjukuu wa Karafuu, kilo 2.4, nikamweka kwenye mizani, nikamtolea na jike wa kilo 2.5, kisha mtoto mmoja wa wiki kumi na moja aliyekuwa anakula vizuri na anabweka kila kitu kinachopita. Kijana akawatazama wote watatu.

"Hawa wamekua, mzee," akasema. "Huna wa kile kikombe?"

Hiliki akatoa kichwa mfukoni kwangu kusikia sauti ngeni. Yule kijana macho yakamtoka. Akanyosha mkono. "Huyu! Huyu ni bei gani?"

Nilimtoa mfukoni nikampa amshike, nikampa na mguu wa kushoto wa nyuma. "Bonyeza hapo polepole," nikamwambia. Akabonyeza. Akahisi mfupa unavyoteleza ukaenda pembeni, akaurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Mwenye bodaboda getini akapiga honi.

"Nitaongea na mchumba wangu," akasema, bado amemshikilia Hiliki kwa mkono mmoja, na hakuonekana kujua amrudishe vipi.